Kucheua Mawazo: Akili ya Kijana na Dawa ya Utani

Ni usiku wa manane huko Madale, pembezoni mwa jiji la Dar es Salaam. Kijana aliyemaliza Kidato cha Sita amelala chali, macho kodo, akisubiri matokeo ya mtihani. Akikosa nafasi chuoni atafanya nini? Na akiipata, je, masomo hayo yatampa kazi? Na kwa nini jirani alicheka aliposikia kwamba anataka kuwa mhandisi? Adhana ya alfajiri inamkuta swali la kwanza halijajibiwa, nalo limekwisha kuzaa mengine kumi.

Je, hali hii ni nini kisayansi?

Kufikiri ni kazi yenye hatua. Mwanafunzi atatuaye hesabu huenda hatua kwa hatua mpaka apate jibu, au atambue kwamba hana taarifa za kutosha. Kuwaza kupita kiasi hakuna hatua. Ni kulirudia swali lile lile. Wanasaikolojia wameifananisha hali hii na ng'ombe anayecheua. Lakini ng'ombe hushiba kwa kucheua kwake, ilhali mwenye kucheua mawazo huamka na njaa ile ile.

Mwaka 1989 tetemeko la ardhi lilitokea California, Marekani. Wiki mbili kabla yake, mwanasaikolojia Susan Nolen-Hoeksema alikuwa amewapima wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford. Alipowapima tena siku 10 na wiki 7 baada ya tetemeko, wale waliokuwa na tabia ya kucheua mawazo ndio waliozidi kuwa na huzuni.

Vijana wana sababu ya pekee ya kupatwa na hali hii. Sehemu ya mbele ya ubongo, ambayo hupanga mambo na kutuliza hisia, huendelea kukomaa hata baada ya miaka 20. Maamuzi makubwa ya maisha hayaisubiri.

Hapa ndipo utani unapofaa. Kichekesho humfanya msikilizaji ashike maana moja, kisha kwa ghafla aiache na kushika nyingine. Akili iliyokwama hujifunza hivyo kubadili njia. Tena kicheko hupenda wenzi: mtafiti Robert Provine aliona kwamba watu hucheka mara 30 zaidi wakiwa pamoja kuliko wakiwa peke yao. Wazee wetu walilijua jambo hili. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, na hata msibani mtani huruhusiwa kuwachekesha wafiwa.

Hata hivyo, si kila kicheko ni furaha. Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya wasichana ya bweni huko Kashasha, karibu na Bukoba, wanafunzi watatu walianza kucheka na kulia bila kujizuia. Hali hiyo ikawapata wanafunzi 95 kati ya 159, na mwezi Machi shule ikafungwa. Madaktari Rankin na Philip hawakuona sumu wala vijidudu. Watafiti wa baadaye wamelihusisha tukio hilo na wasiwasi uliokosa pa kutokea. Mwalimu aonaye kicheko kisichokoma asikimbilie kiboko; aulize kwanza kinachowasumbua wanafunzi.

Turudi Madale. Asubuhi kijana anamwamkia bibi yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu. Mbona macho mekundu?"

"Usiku huu nimesoma chuo, nimeajiriwa, nimefukuzwa, na nimestaafu. Jogoo hajawika bado."

"Pole. Basi kwa kuwa umekwisha kustaafu na huna kazi, kachote maji."

Kijana anacheka, anashika ndoo. Matokeo hayajatoka; lakini pipa litajaa, na swali moja limepata jibu.

Jaribio kwa darasa: Kila mwanafunzi aandike maswali matano yanayomsumbua, ayatenge yale anayoweza kuyafanyia kazi leo, kisha alisimulie mojawapo ya yaliyosalia kama kichekesho. Ambaye usingizi au hamu ya chakula vimempotea kwa wiki mbili asiachiwe utani peke yake. Apelekwe kwa mshauri wa shule au kituo cha afya.