Nyumba ya shamba nayo inapendeza

Kambi za kando ya Goma zilipofungwa mwezi wa pili 2025, familia nyingi zilirudi Masisi. Wengine walikuta nyumba bila mlango wala kitanda. Mtoto aliyezoea kulala chini ya shitingi anahitaji kuona kwamba sasa yuko kwao.

Tuanze na ukuta. Kama ni wa udongo, ziba nyufa, uache zikauke, kisha paka udongo mweupe uliochujwa. Chumba kitapata mwangaza, hata taa ndogo itatosha. Kama ni wa mbao, usibandike makarato: kunguni wanajificha nyuma yake. Sugua mbao tu, zina uzuri wao.

Kwa vyombo, tutumie vya kwetu. Walikale kuna viti na vikapu vilivyosukwa kwa kamba za msituni. Masisi, kibuyu cha maziwa kilichopasuka kinaweza kubeba maua. Kitenge kilichochakaa kinakuwa rido, ila kikae mbali na mbabula.

Mama mmoja atauliza: «Nipambe nini, na kesho pengine tutakimbia tena?» Swali lake ni la haki. Lakini udongo hatuununui, na mikono iliyojua kupaka itapaka tena popote. Mtoto naye hawezi kungojea amani ili akue.

Tufanye salongo: juma hili kwa mama huyu, juma lijalo kwa mwingine. Tuanze kwa wajane.