Mnyama Anayekuona Kwanza

Mtu akisikia kwamba pronghoni wa Marekani hukimbia karibu kilomita 88 kwa saa, hudhani kazi ya mwindaji ni kupambana na mbio hizo. Sivyo. Hakuna anayemkimbiza; mbio zikishaanza, windo limekwisha. Kinachomshinda mwindaji ni macho: makubwa, yametokeza pembeni mwa kichwa kiasi kwamba mnyama huona karibu pande zote bila kugeuza shingo. Mweke mnyama huyo kwenye tambarare za Wyoming, ambako waweza kutembea asubuhi nzima usikute mti, nawe utaelewa kwa nini mara nyingi huwa ameshakuona kabla hujatoa darubini mfukoni.

Umbo lake ni la swala, lakini ukoo wake umebaki na yeye peke yake, na jamaa zake wa karibu zaidi walio hai ni twiga na okapi. Mbio zake nazo ni kitendawili, maana mbwa mwitu wa huko hawazikaribii. Mwanabiolojia John Byers alieleza kwamba ni urithi wa zama ambazo Amerika Kaskazini ilikuwa na paka mkubwa mwenye miguu mirefu, mfano wa duma wa Serengeti, aliyetoweka yapata miaka 12,000 iliyopita. Adui kaondoka, mbio zimebaki. Si jambo rahisi kulithibitisha, ila sijasikia maelezo mengine yanayoniridhisha zaidi.

Mwindaji mzoefu huanza kwa kukaa. Alfajiri huwa juu ya kilima, darubini machoni, akitafuta weupe wa matako na mbavu kwenye majani makavu. Akishampata dume anayemtaka, huacha kumtazama, akaanza kusoma ardhi. Tambarare ile si bapa kama inavyodhaniwa na anayeipita kwa gari. Ina makorongo, mikunjo na vijito vilivyokauka, na humo ndimo mwa kupitia. Atazunguka mbali, pengine saa nzima, upepo ukimpiga usoni, kisha hatua za mwisho atambae kwa tumbo kati ya vichaka vya kijivu na dungusi. Glovu nene si anasa. Afikapo ukingoni huchungulia kwa jicho, si kwa kichwa kizima, kwa sababu dume linaweza kuwa limeinama likila huku jike moja la pembeni likitazama. Jike hilo likishtuka, husimamisha manyoya meupe ya matakoni, na kundi zima huwa limepata habari.

Hapo bado kuna umbali. Hakuna kitu cha kulinganishia, na mnyama mwenyewe ni mdogo, kilo 50 hivi, kwa hiyo jicho hudanganya. Kipimaumbali cha leza husaidia, lakini hakizuii upepo wa Wyoming, unaoweza kuisukuma kando risasi iliyofyatuliwa kutoka mita 300 kiasi cha kujeruhi badala ya kuua. Kwa maoni yangu, mtu akifikiria kufyatua kutoka mbali hivyo na korongo bado lipo mbele yake, hajamaliza kunyatia.

Wenye upinde hutumia kiu. Mwishoni mwa Agosti maji ni haba, nao hujificha kibandani karibu na birika la ng'ombe tangu alfajiri hadi jioni, ndani ya joto la kupikia mkate. Septemba, majira ya kupandana, wengine husimamisha sanamu ya dume. Mwenye majike yake akiiona huja mbio kuifukuza.

Joto hilo hilo ndilo huharibu nyama. Nywele za pronghoni zina uwazi ndani na hufungia joto mwilini, hivyo ngozi ichunwe papo hapo na nyama iwekwe kwenye barafu. Wanaolalamika kwamba nyama yake inanuka, wengi wao waliuzungusha mzoga garini mchana kutwa.

Uwindaji holela uliwahi kuwapunguza hadi 13,000 hivi mwanzoni mwa karne ya 20. Leo wako mamia ya maelfu, vibali hutolewa kwa kitalu, vingi kwa bahati nasibu, na kodi ya bunduki na risasi, iliyoelekezwa huko kwa sheria ya mwaka 1937, hugharimia hifadhi.

Kinachowasumbua sasa ni uzio. Mkimbiaji huyu kwa kawaida haruki, ingawa miguu inamruhusu. Hupendelea kupita chini. Washoshone na Wapaiute walilijua hilo zamani, wakawa wanawaswaga kwenye mazizi ya vichaka vilivyorundikwa tu. Seng'enge za wafugaji huwachuna mgongo, au huwazuia kabisa theluji inapowasukuma kusini. Wafugaji wengine wameanza kubadilisha waya wa chini, wakaweka usio na miiba, sentimita 40 au zaidi kutoka ardhini, na mwaka 2012 pale Trapper's Point, Wyoming, lilikamilika daraja la kuwavusha pronghoni juu ya barabara kuu.