Bustani kumwagiliwa kwa simu: Kazi ngumu ni kufunga maji

Na Mwandishi Wetu

KWA miaka mingi, kumwagilia bustani katika nyumba za mijini kumekuwa kazi ya mpira wa maji na mtu wa kuushika. Asubuhi kabla jua halijawa kali, kijana wa bustani huzunguka na mpira wake kuanzia ukoka ulioko getini hadi maua ya uani, na akimaliza hufunga koki na kuukunja.

Siku hizi kazi hiyo yaweza kufanywa na kifaa kidogo kinachoenea kiganjani, kiitwacho rilei, ambacho hupokea amri kupitia mtandao wa intaneti wa nyumbani. Mwenye nyumba aliye ofisini Posta, au aliyesafiri kwenda Dodoma, anaweza kuwasha vinyunyizio vya bustani yake iliyoko Mbezi kwa kugusa kioo cha simu.

Hata hivyo, wepesi huo una upande wa pili. Kijana wa bustani akiona maji yanatiririka barabarani, hufunga koki bila kusubiri kuambiwa. Rilei haina macho. Ikiambiwa ifungulie maji itafungulia, na ikikosa kuambiwa ifunge, itayaacha yatiririke mpaka tangi likauke.

Katika jiji kama Dar es Salaam, hilo si jambo la kupuuzwa. Oktoba 2022, Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira Dar es Salaam (DAWASA) ilitangaza mgawo wa maji baada ya kina cha maji katika Mto Ruvu kupungua. Nyumba nyingi hutegemea tangi la akiba, na maji yanayoishia kwenye ukoka ni yale yale yanayotegemewa jikoni na bafuni.

Rilei ni nini?

Rilei si uvumbuzi mpya. Mwanasayansi wa Marekani, Joseph Henry, anatajwa kuwa miongoni mwa waliobuni kifaa hicho katika miaka ya 1830, na baadaye kikatumika sana katika simu za maandishi ili kusukuma mbele ishara za umeme zilizodhoofika njiani.

Kwa lugha nyepesi, rilei ni swichi inayowashwa na umeme badala ya kidole. Ndani yake mna koili ya waya. Umeme mdogo ukipita katika koili hiyo, huigeuza kuwa sumaku, nayo sumaku huvuta kipande cha chuma kinachounganisha nyaya za umeme mkubwa zaidi. Umeme mdogo ukikatika, springi hurudisha chuma mahali pake na nyaya huachana.

Kilichobadilika katika miaka ya karibuni ni mtoa amri. Tangu mwaka 2014, kampuni ya Espressif ya China ilipoingiza sokoni chipu ya bei nafuu iitwayo ESP8266 yenye uwezo wa kujiunga na Wi-Fi, imekuwa rahisi kuweka ubongo mdogo kando ya rilei. Ubongo huo hupokea amri kutoka kwenye simu, hutunza ratiba, na huwasha koili kwa wakati uliopangwa.

Maji yenyewe hayapiti kwenye rilei. Yanazuiwa na vali ya umeme iliyofungwa kwenye bomba, na mara nyingi vali za bustani hutumia umeme wa volti 24 unaotoka kwenye transfoma ndogo. Vali ikipata umeme hufunguka na maji huenda kwenye vinyunyizio. Ikikosa umeme hujifunga yenyewe.

Hapo ndipo wengi huchanganyikiwa na maneno. Kwa fundi umeme, njia iliyo wazi ni ile isiyopitisha kitu, kwa sababu waya umekatika. Kwa fundi bomba, njia iliyo wazi ni ile inayopitisha maji. Mafundi hao wawili wakifanya kazi pamoja bila kuelewana, mmoja anaweza kuunganisha rilei kinyume, na bustani ikamwagiliwa muda wote isipokuwa ule uliopangwa.

Kanuni ya kufuata ni moja: rilei ikiwa imepumzika, vali iwe imefungwa. Yaani umeme ukikatika, kifaa kikiharibika au waya ukitafunwa na panya, jibu la mfumo mzima liwe ni kusimamisha maji.

Tangi laweza kukauka kabla ya chai

Hesabu ndogo inaonyesha kwa nini kanuni hiyo ina uzito. Bustani yenye ukubwa wa meta za mraba 100, ikipewa maji ya kina cha milimeta 5, huhitaji lita 500. Hizo ni ndoo 25 za lita 20.

Tuchukulie kuwa bustani hiyo ina vinyunyizio vitano, na kila kimoja hutoa lita 6 kwa dakika. Kwa pamoja vitatoa lita 30 kwa dakika, na kazi itakamilika ndani ya dakika 17. Ratiba ikianza saa 10:30 alfajiri, kabla ya saa 11:00 maji yatakuwa yamefungwa, na tangi la lita 5,000 litakuwa limebakiwa na lita 4,500.

Sasa tuchukulie kuwa amri ya kufunga haikufika. Kwa kasi ile ile, lita 5,000 zitamalizika kwa muda wa saa 2 na dakika 47. Ifikapo saa 1:17 asubuhi, watoto wakijiandaa kwenda shule, tangi litakuwa tupu. Ikiwa siku hiyo ni ya mgawo, familia italazimika kununua maji ya boza.

Amri ya kufunga inaweza kupotea kwa njia rahisi sana. Baadhi ya watumiaji hupanga kazi yote ifanywe na programu ya simu: ifungulie saa fulani, ifunge saa fulani. Amri ya kwanza ikipita na mtandao ukakatika kabla ya ile ya pili, rilei hubaki imewaka.

Dawa yake ni kuweka kikomo cha muda ndani ya rilei yenyewe. Vifaa vingi vya aina hiyo vina mpangilio wa kujizima baada ya dakika kadhaa, hata bila intaneti. Kwa bustani ya mfano huu, kikomo cha dakika 20 kingetosha. Simu ikinyamaza, rilei itajizima.

Jambo la pili ni tabia ya rilei baada ya umeme kukatika na kurudi. Baadhi hurejea katika hali ziliyokuwa nayo, nyingine hurudi zikiwa zimezimwa, na nyingine hurudi zikiwa zimewashwa. Mwenye nyumba anapaswa kuchagua zirudi zikiwa zimezimwa, kisha ajaribu kwa kuzima swichi kuu na kuiwasha tena huku akiitazama bustani. Ni bora kukosa kumwagilia siku moja kuliko vinyunyizio kujiwasha saa 8 za usiku wakati nyumba nzima imelala.

Pampu si taa

Katika nyumba nyingi za mijini, maji ya tangi lililo chini hayana nguvu ya kuzungusha vinyunyizio bila kusukumwa na pampu. Hivyo rilei moja hutumika kufungua vali na nyingine kuwasha pampu. Pampu ndiyo inayohitaji uangalifu zaidi.

Rilei ndogo za sokoni huandikwa kuwa zinamudu ampea 10 kwa volti 250. Kipimo hicho hufaa zaidi kwa vifaa kama pasi au hita. Mota ya pampu ni tofauti. Pampu ya nguvu ya farasi mmoja, sawa na wati 746, huvuta takriban ampea 5 ikiwa inazunguka, lakini kwa sekunde chache za kuanza inaweza kuvuta mara tano au zaidi ya hapo.

Mshtuko huo ukirudiwa kila siku, vipande vya chuma ndani ya rilei hutoa cheche na hatimaye vinaweza kuyeyuka na kushikana. Vikishashikana, simu itaonyesha kuwa pampu imezimwa ilhali inaendelea kuzunguka. Kikomo cha muda hakitasaidia, kwani amri ya kuzima inatolewa lakini chuma hakiachii.

Kwa sababu hiyo, rilei ndogo haipaswi kubeba pampu moja kwa moja. Inatakiwa iwashe kontakta, ambayo ni swichi kubwa ya umeme iliyotengenezwa kwa ajili ya mota, nayo kontakta ndiyo iwashe pampu. Aidha, boya la kuzima umeme liwekwe ndani ya tangi na kuunganishwa kwa waya kwenye njia ya umeme wa kontakta, ili maji yakishuka chini ya kiwango kilichowekwa pampu isimame bila kungoja ruhusa ya simu. Boya likiwekwa katikati ya tangi, nusu ya maji hubaki kwa ajili ya nyumba.

Mpangilio wa hatua nao una maana yake. Vali ifunguke kwanza, kisha pampu iwake. Wakati wa kumaliza, pampu izimwe kwanza, kisha vali ijifunge. Pampu inayosukuma maji dhidi ya vali iliyofungwa hupata joto na huweza kuharibika.

Kosa jingine ni la kuchagua rilei isiyofaa. Baadhi ya rilei za kisasa zilitengenezwa kwa ajili ya taa, na hutoa upande wa pili umeme ule ule wa volti 230 zinaoupokea. Zikiunganishwa na vali ya volti 24, koili ya vali huungua. Kwa vali hizo huhitajika rilei ambayo miguso yake haikuunganishwa na umeme wake yenyewe, na mnunuzi anapaswa kuliulizia hilo dukani kabla ya kulipa.

Vilevile, maji na umeme wa volti 230 si vya kuchezewa. Rilei na transfoma ziwekwe ndani ya kasha lisilopenya maji, mbali na vinyunyizio, na njia hiyo ya umeme iwe na kifaa cha kukata umeme unapovuja, chenye kiwango cha miliampea 30. Kwenye udongo zipite nyaya za volti 24 pekee, na kazi ya volti 230 iachiwe fundi umeme mwenye leseni.

Mvua na wezi wa mtandao

Mfumo unaofuata saa peke yake hauijui mvua. Wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, si ajabu kuona vinyunyizio vikizunguka huku mvua ikinyesha. Shirika la Hifadhi ya Mazingira la Marekani (EPA) linakadiria kuwa hadi asilimia 50 ya maji yanayotumika nje ya nyumba nchini humo hupotea kwa upepo, jua na kutiririka ovyo kutokana na umwagiliaji usio makini.

Kipo kifaa rahisi cha kuzuia hali hiyo. Ndani yake mna vijisahani vinavyovimba vikilowa mvua, na vikivimba hukata njia ya umeme wa vali. Vikikauka, njia hurudi. Hakihitaji intaneti wala simu, na ratiba ya rilei inaweza kubaki kama ilivyo.

Suala la mwisho ni usalama wa mtandao. Oktoba 21, 2016, tovuti kubwa za Marekani zilishindwa kufikika kwa saa kadhaa baada ya kampuni ya Dyn kushambuliwa kwa kutumia vifaa vya majumbani, zikiwamo kamera, ambavyo wenyewe walikuwa hawajabadilisha nywila za kiwandani.

Agosti 2018, watafiti wa Chuo Kikuu cha Ben-Gurion cha Israel waligeukia bustani. Walionyesha kuwa mifumo ya umwagiliaji inayotumia intaneti inaweza kutekwa na kuwashwa kwa pamoja. Kwa makadirio yao, vinyunyizio 1,355 vingetosha kumaliza maji ya mnara mmoja wa mji kwa saa moja, na vinyunyizio 23,866 vingekausha bwawa la akiba kwa usiku mmoja.

Kwa mwenye nyumba, kinga huanza na mambo madogo: kubadilisha nywila iliyokuja na kifaa, kukubali maboresho ya programu yanapotolewa, na kutofungulia rilei njia ya kufikiwa moja kwa moja kutoka nje ya mtandao wa nyumbani.

Baada ya hayo yote, bado si kila bustani inahitaji simu. Kwa eneo dogo lenye koki moja, kipima muda cha betri kinachofungwa kwenye koki kinaweza kutosha. Rilei hufaa zaidi pale ambapo bustani imegawanywa katika sehemu kadhaa zenye mahitaji tofauti, au ambapo pampu na vali lazima zifuatane kwa mpangilio.

Na kila mfumo, uwe wa gharama ndogo au kubwa, unapaswa kuwa na koki ya kawaida ya mkono kabla ya vali ya kwanza, mahali panapoonekana na panapofikika usiku. Kila mtu wa nyumba hiyo, akiwamo kijana wa bustani, aonyeshwe ilipo na jinsi ya kuifunga.