Je, Wajua? Moduli Nzima Yaweza Kuonekana Mbovu

Je, wajua kwamba moduli ya lugha ya programu ya Perl hufanyiwa majaribio kwenye kompyuta yako kabla haijasakinishwa? Ndivyo ilivyo kwa CPAN, ghala la moduli hizo lililoanza mwaka 1995. Jaribio moja tu likifeli, usakinishaji husimama. Balaa huja jaribio linapoitisha moduli nyingine isiyokuwepo: kosa linahesabiwa kwa moduli unayoitaka, kumbe haina hata kasoro. Mwandishi makini wa moduli huitaja ile inayohitajika na jaribio chini ya TEST_REQUIRES katika faili la Makefile.PL, ikaletwa kwanza. Kama ni ya hiari, chaguo la skip_all ndani ya jaribio hulifanya jaribio lirukwe bila kelele. Ukikwama, usikimbilie kulazimisha usakinishaji. Tafuta kwanza mstari unaoanza na “Can't locate”, ndio unaotaja kilichokosekana.