Je, Wajua? Samaki, Viazi na Mkaa wa Bujumbura

Je, wajua kwamba kwenye sahani ya samaki inayoletwa mezani kando ya ziwa, mjini Bujumbura, karibu kila kitu ni mgeni isipokuwa samaki mwenyewe? Viazi, nyanya, pilipili hoho na pilipili kali asili yake ni Amerika. Karoti ilianza kulimwa pande za Uajemi na Afghanistan. Tangawizi, manjano na pilipili manga zimetoka Asia. Mukeke ni mwenyeji: kwa asili hapatikani popote duniani ila Ziwa Tanganyika.

Wajua kwamba mukeke, ambaye watu wa Kigoma humwita mgebuka, ni wa ukoo mmoja na sangara wa Ziwa Viktoria? Ziwa Tanganyika lina aina 4 za ukoo huo, na zote 4 ni za humu tu. Mmoja wao ni sangala, mwenye mnofu mweupe na mnene. Ukitaka vipande vya kupaka viungo na kuvioka pamoja na mboga, chukua sangala. Ukitaka samaki mzima juu ya mkaa, mukeke hana mpinzani, na sioni haja ya kulibishania hilo.

Wajua kwamba ziwa hili lina kina cha mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal ya Urusi, lakini samaki wanaishi kwenye tabaka la juu tu? Upande wa kaskazini, ukishuka kiasi cha mita 100 hivi, hewa ya oksijeni imekwisha. Maji yote yaliyo chini ya hapo hayawezi kumlea samaki. Mukeke wote wanaoliwa Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia wametoka katika utando huo mwembamba wa juu.

Wajua kwa nini kuna siku ambazo soko linakosa mukeke? Tazama mwezi. Usiku ndagala, yaani dagaa wa ziwa hili, hupanda juu kufuata vijidudu wanavyovila, na mukeke hupanda nyuma yao akiwawinda. Wavuvi huunganisha mitumbwi, huwasha taa, hungoja ndagala wakusanyike kwenye mwanga, kisha huinua wavu kutoka chini. Zamani taa zilikuwa karabai za mafuta, siku hizi nyingi ni za betri. Mwezi ukiwa mpevu mwanga unatapakaa ziwa zima, taa ya mvuvi haimvuti samaki, na mitumbwi mingi hubaki ufukoni mpaka giza lirudi. Mitumbwi mikubwa ya aina hiyo, yenye wavu mpana, wavuvi wa Burundi huiita Apollo. Mwenye kupanga karamu ya samaki Bujumbura aangalie kwanza kalenda ya mwezi.

Wajua kwamba ndagala ni jamaa wa samaki wa baharini, ingawa ziwa liko mbali sana na pwani? Na ni wasafiri. Mwaka 1959 walihamishiwa Ziwa Kivu, ambako leo huitwa isambaza. Mwaka 1967 na 1968 walipelekwa bwawa la Kariba, wakaitwa kapenta.

Wajua kwamba viazi, nyanya, bilinganya, hoho, pilipili kali na intore, yaani nyanya chungu ya kwetu, vyote ni jamii moja ya mimea, pamoja na tumbaku? Sahani nzima ya mboga inaweza kuwa ya ndugu watupu. Intore ni Mwafrika halisi. Ikatwe nusu, ipakwe mafuta na chumvi, ichomwe hadi ngozi ikunjamane: ule uchungu wake hutulia, na hufaa sana kando ya samaki mwenye mafuta.

Wajua kwamba kiazi kilekile huiva haraka zaidi Bujumbura kuliko milimani Mugamba kilikolimwa? Mji uko karibu mita 775 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi 97 hivi. Huko milimani, juu ya mita 2,000, huchemka kwenye nyuzi 93 au chini yake, kwa hiyo sufuria hukaa motoni muda mrefu zaidi.

Viazi vya kuoka vichemshwe kwanza vikaribie kuiva, vimwagwe maji, vitikiswe ndani ya sufuria hadi kingo zichakae, ndipo vipakwe mafuta ya moto. Zile kingo zilizochakaa ndizo zinazokauka na kuwa kahawia. Kiazi kilichogeuka kijani usikipike: kina sumu, na kuchemsha hakuiondoi.

Wajua kwamba mawese mekundu, yale ya Rumonge, kiasi cha kilomita 70 kusini mwa Bujumbura, yana rangi ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A? Mpishi anayeyachoma hadi yawe meupe ameiteketeza faida hiyo. Mawese ya kupaka mboga yapashwe moto kidogo tu.

Wajua kwamba mwaka 2003 wanasayansi walichapisha utafiti ulioonyesha kuwa kupanda kwa joto kumepunguza chakula kinachozalishwa ziwani kwa karibu asilimia 20, na kwamba hiyo huenda ikamaanisha samaki pungufu kwa asilimia 30? Maji ya juu yakizidi joto hayachanganyiki na yale ya chini yenye rutuba. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi katika ziwa hili kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti ili samaki wazaliane. Miezi 3 bila mukeke ni migumu kwa mvuvi na kwa mlaji, lakini naiunga mkono hatua hiyo kwa moyo wote.

Wajua kwamba ndimu inaweza kumharibu samaki kabla hajaona moto? Asidi yake hugandisha mnofu ukawa mweupe na mkavu. Mchanje mukeke mara 3 kila upande hadi karibu na mfupa, umfute maji, umsugue chumvi, kitunguu saumu, tangawizi na pilipili manga, umwache kwa nusu saa. Ndimu ingoje mezani.

Na wajua jinsi ya kumtambua aliyeiva bila kumvunja? Mnofu wa samaki umeshikwa na utando laini unaoyeyuka kwa joto dogo, ndiyo maana dakika chache za ziada humkausha. Ingiza ncha ya kisu kwenye mchanjo ulio mnene zaidi, karibu na uti wa mgongo. Nyama ikiachia mfupa na isiwe tena na ung'avu wa ubichi, mtoe motoni hapo hapo. Joto lililobaki ndani litamalizia kazi.