Punda Hacheui

Tarehe 19 Aprili 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, kikosi cha wapanda farasi kutoka Afrika Kusini, chini ya Jenerali Jacob van Deventer, kiliingia Kondoa. Kilikuwa kimetoka upande wa Arusha mwanzoni mwa mwezi huo, kikapigana Lolkisale, kisha kikashuka kusini kwenye vichaka na vilima, masika yakiwa yamepamba moto. Waliondoka watu kama 1,200. Waliofika Kondoa wakiwa bado na uwezo wa kupigana walikuwa takriban nusu. Kilichowapunguza zaidi ya risasi za Wajerumani ni mvua, maradhi, na farasi waliokuwa wakianguka njiani kambi baada ya kambi.

Nimekuwa mtaalamu wa afya ya mifugo katika mkoa huu wa Dodoma, ambamo Kondoa imo, kwa miaka mingi, na safari hiyo ya 1916 haijapata kunitoka akilini. Siku hizi vijana wa mjini wananijia na swali jema: tunataka kwenda kulala milimani, Kiboriani juu ya Mpwapwa, au Rubeho kupitia Kibakwe, na tunataka mnyama wa kubeba hema na vyombo. Farasi anafaa? Jibu langu huanzia Kondoa, kwa sababu yaliyowapata farasi wale yanaweza kumpata farasi yeyote atakayelala huku leo bila kinga.

Yupo muuaji wa kwanza ambaye haonekani. Ni homa ya farasi ya Afrika, ugonjwa wa virusi unaoenezwa na visubi, vile vidudu vidogo viumavyo ambavyo ukimulika taa jioni karibu na tope unaviona vikielea kama vumbi. Farasi asiye na chanjo akiambukizwa, mapafu yake huweza kujaa maji, povu likamtoka puani, akafa ndani ya siku chache. Mlipuko mkali huua farasi tisa katika kila kumi. Pundamilia hubeba virusi hivyo bila kuonyesha dalili yoyote, na punda naye ni nadra kuumwa. Baghala, mtoto wa punda na farasi, yuko katikati, kama damu yake ilivyo.

Mwaka 1916 hakuna aliyejua kwamba kisubi ndiye mwenezaji. Hilo lilikuja kuthibitishwa Afrika Kusini mwaka 1944. Wakulima wa huko waliamini sumu iko kwenye umande, kwa hiyo waliwafungia farasi ndani usiku na kuwatoa kulisha jua likishakausha majani. Imani haikuwa sahihi, lakini desturi iliwaokoa farasi wengi, maana visubi huuma kuanzia magharibi hadi alfajiri. Vitani desturi hiyo haikuwezekana. Farasi walifungwa wazi chini ya miti, Aprili, mwezi ambao kila shimo la ukwato limejaa maji na kila dimbwi linazaa visubi. Mchana, walipopita vichakani, walikutana na mbung'o, au ndorobo kama wengi wanavyowaita, wanaoeneza nagana. Na magari ya chakula yalikuwa nyuma yao, yamezama kwenye matope.

Miaka 45 kabla yao, Henry Morton Stanley aliondoka Bagamoyo na farasi wawili na punda 27. Farasi wote wawili walifia Kingaru, mbali kabisa na Ugogo, huku kwetu. Punda walifika mbali zaidi, ingawa wengi nao waliishia njiani, na ukisoma jinsi walivyopakiwa na kusukumwa hutashangaa.

Kwa hiyo mimi humwambia kijana: farasi waache Arusha na Kilimanjaro Magharibi, ambako kuna wenye mabanda, chanjo na madaktari wao, na ambako watalii hupanda farasi siku kadhaa na kulala kambini. Huku kwetu chukua punda. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba punda wote wa kufugwa duniani wametokana na punda wa mwitu waliofugwa Afrika Mashariki takriban miaka 7,000 iliyopita. Maradhi ya huku anayajua tangu mababu. Hapa Dodoma anabeba maji, mahindi ya kusaga na kuni kila siku ya Mungu, na hakuna kijiji utakachokosa mtu wa kukukodishia wawili.

Nimesema wawili, na nimekusudia. Punda hufunga urafiki na mwenzake kiasi kwamba ukimtenganisha naye anaweza kususa kula. Punda aliyesusa kula yuko hatarini kuliko ng'ombe aliyesusa: mwili wake huanza kuyeyusha mafuta ya akiba kwa kasi, damu inajaa mafuta, ini linashindwa. Siku mbili tatu za kususa zinatosha kuanzisha hali hiyo, nayo inaweza kumuua. Kama mzigo ni wa punda mmoja, chukua wawili na uugawe.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo karibu kila mtu hulikosea, hata mfugaji mzoefu wa ng'ombe. Ng'ombe anarudi zizini jioni na chakula chake tumboni. Usiku kucha anakirudisha mdomoni, anakicheua, anakimeza. Kwake zizi tupu si tatizo. Amekuja na sahani yake. Punda hacheui. Tumbo lake ni dogo, na nyasi ngumu husagwa na vijidudu kwenye utumbo mpana, huko nyuma kabisa. Mfumo wa namna hiyo unataka chakula kidogo kidogo, kwa saa nyingi. Punda aliyeachwa huru hula zaidi ya nusu ya siku, na sehemu ya saa hizo ni za usiku. Mfungie kwenye mti usio na jani kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi, utakuwa umemnyima karibu mlo mzima, na kesho unataka apande mlima.

Niliwahi kulifanya kosa hili mwenyewe, nikiwa mgeni kazini. Tulichelewa njiani, tukafika juu giza limeingia, tukafunga punda chini ya msitu mnene tukalala tukiwa tumeridhika. Asubuhi mmoja aligoma kuinuka. Nilimwita mkaidi. Mzee mwenye punda alinitazama kwa huruma akaniambia, "Mwanangu, huyu ana njaa." Tulimkatia majani tukakaa hadi saa nne, akainuka mwenyewe.

Kutokana na hilo, kambi ya punda huchaguliwa kwa nyasi kwanza, halafu maji, halafu mandhari. Ndani ya msitu wa milima kama ile ya Rubeho, ambayo ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, miti hufunga anga na chini hakuna nyasi ya maana. Zaidi ya hayo, misitu hiyo ni hifadhi. Kuingia kunataka kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu, na mifugo hairuhusiwi kulishwa humo. Lala ukingoni, kwenye ardhi ya kijiji, ambako nyasi zimesimama na miti ya kufungia kamba ipo. Usitue bondeni kando ya kijito, hata kama panavutia. Baridi ya usiku hushuka na kutuama mabondeni, na visubi na mbu hukaa pale pale. Panda hatua mia mbili, utafute bega la mlima linalopata upepo. Visubi ni warukaji dhaifu. Upepo mdogo tu unawazuia. Maji utayabeba: punda mmoja hunywa lita 15 hivi kwa siku, zaidi kukiwa na jua kali. Anavumilia kiu kuliko farasi na anaweza kufidia kwa dakika chache alichokikosa siku nzima, lakini usiufanye uvumilivu wake kuwa ratiba yako.

Fika saa tisa alasiri. Najua inaonekana mapema, na vijana hunibishia. Jua letu linazama kama saa kumi na mbili na nusu. Ukifika saa tisa punda anapata saa tatu na zaidi za kula mchana, akiwa ameshushwa mzigo, mmoja wenu akimchunga. Katika saa hizo kata majani. Punda wetu wengi hawafikii kilo 150, na kwa siku wanahitaji kama kilo tatu za nyasi kavu, au majani mabichi mengi zaidi ya hapo. Weka rundo mbele ya kila mmoja kabla ya kulala, na mwenye kuamka usiku kwenda haja aongeze. Pumba kidogo si mbaya. Mahindi mengi ya ghafla ni mabaya sana: yanaweza kumsokota tumbo, au kumvimbisha ndani ya kwato hadi ashindwe kukanyaga.

Usiku wa Juni na Julai huku juu una baridi ya kweli, na hapa watu wengi husema punda ni sugu. Sugu wa jua, ndiyo. Manyoya yake hayazuii maji kama ya farasi. Mvua ikimnyeshea, inamfikia kwenye ngozi. Turubai moja la ziada, lililofungwa upande upepo unakotoka, lina thamani kuliko viti vya kukunja mnavyonionyesha kwa fahari. Wagogo waliijenga tembe yao kwa akili hii hii, nyumba zimezunguka ua, mifugo ndani yake, paa la udongo na kuta nene. Ilikuwa kinga ya baridi, ya fisi na ya wezi kwa pamoja.

Fisi bado wapo. Kwa hiyo punda walale karibu na mahema, moto ukiwa kati, na wasifungwe miguu. Kamba ya mguuni hukata ngozi juu ya ukwato, na mnyama aliyefungwa miguu hana cha kumfanya fisi. Tandaza kamba moja nene baina ya miti miwili, kwa urefu wa kifua cha mtu au juu kidogo, kisha funga kila punda kwenye kamba hiyo kwa hatamu ya kichwani, fundo lisilokaza shingo. Mwachie urefu wa kufikisha mdomo chini na kulala kifudifudi, usizidishe, asije akajitia kitanzi mguuni. Na chunguza miti kabla ya kufunga. Milima hii ni ya warina asali, mizinga imetundikwa kila upande, na punda aliyefungwa hawezi kuwakimbia nyuki. Nimeitwa kwa mnyama aliyeumwa namna hiyo, nikafika nikiwa sina la kumsaidia.

Kuhusu mzigo nitasema machache, kwa kuwa wahenga walishamaliza: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kilo 40 hadi 50, pande zote sawasawa, kwenye shogi kama watu wa pwani wanavyotumia, au magunia mawili yaliyounganishwa. Chini yake weka matandiko manene yaliyogawanyika katikati, ili uti wa mgongo usiguswe na kitu. Vidonda vingi vya mgongoni ninavyovitibu vimeletwa na kamba nyembamba iliyopita juu ya uti. Na ule msemo wa asante ya punda ni mateke ningefurahi kuusikia ukipungua. Punda anapiga teke akiogopa au akiumia, na mara nyingi mahali panapouma ni hapo mgongoni.

Dawa ndizo zinazonitia hofu zaidi, kwa sababu mfugaji ana chupa ya ng'ombe nyumbani na moyo wa kusaidia. Dawa ya kupe yenye amitrazi, ya kuogeshea ng'ombe, inaweza kusimamisha utumbo wa farasi na jamaa zake. Sindano ya nagana yenye diminazini humdhuru punda kwa kipimo kinachozidi kidogo tu. Piga simu kwa daktari wa mifugo wa wilaya kabla hujachoma. Mpwapwa penyewe ndipo Wajerumani walipoweka maabara ya mifugo mwaka 1905, na hadi leo ni mji wa utafiti na mafunzo ya mifugo; huna sababu ya kukadiria.

Ukifika kijijini, ripoti kwa mwenyekiti wa kitongoji, umwonyeshe punda wako na majina ya wenyewe. Ngozi ya punda imekuwa na bei kubwa kwa ajili ya dawa ya Kichina iitwayo ejiao, na wizi wa usiku ulifuata bei hiyo. Tanzania ilikuwa na machinjio mawili ya punda, moja hapa Dodoma na jingine Shinyanga, kabla serikali haijapiga marufuku mwaka 2022 kwa miaka kumi. Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikubaliana kuizuia biashara ya ngozi bara zima kwa miaka 15. Nilipumua niliposikia. Lakini wezi hawasomi maazimio, na mama aliyekukodishia punda wake wawili amekukabidhi maji ya nyumba yake.

Asubuhi, kabla hujachochea moto wa chai, nenda kwenye kamba ya punda. Pitisha kiganja mgongoni, taratibu, dhidi ya manyoya, ukitafuta joto au uvimbe. Inua kila mguu utoe mawe kwenye kwato. Angalia rundo la majani kama limeliwa. Kisha tazama chini nyuma yake uhesabu mavi: yawe mafungu kadhaa, vidonge vyenye unyevu, vinavyovunjika ukivikanyaga. Pakiwa safi usiku mzima, usimtwishe kitu. Mfungue, mtembeze polepole na mwenzake, mpe maji, na mtume mmoja wenu ashuke kijijini akamwite mtaalamu.