Dawa ya maneno: uende kwa nani, na utalipa nini?

Siku moja tukiwa Juru, mama mmoja alitusimamisha njiani, dumu la maji kichwani. Akatuuliza: "Ninyi mnaoandika, hebu niambieni, nikienda kwa yule mshauri wa kituoni atanipa nini? Sina homa. Mimi silali tu." Alisema upepo ukigonga bati usiku, yeye anashtukia yuko mlangoni, mtoto mmoja mgongoni na mwingine mkononi, kabla hajajua kama ameamka. Na ni mwaka wa 7 tangu avuke mpaka. Tulimjibu juu juu, tukaondoka, halafu tukaona aibu. Swali lake ni la nyumba nyingi hapa Nakivale, iwe Base Camp, Juru au Rubondo. Kwa hiyo toleo hili tumjibu vizuri.

Huduma yenyewe inaitwa ushauri nasaha, wengine wanasema tiba ya mazungumzo. Si sindano wala vidonge. Si mahubiri pia, ingawa hakuna anayekukataza kusali. Na siyo kwamba ukionekana kwenye benchi la mshauri basi wewe ni kichaa. Maneno hayo ya majirani yamewazuia watu wengi, hasa akina baba, ambao wanaona heri pombe kuliko kusema.

Je, inasaidia kweli? Hapa tuna bahati, kwa sababu jibu lilitafutwa kwetu, hapa hapa Nakivale. Watafiti wa Frank Neuner kutoka Ujerumani walifuatilia wakimbizi 277, Wanyarwanda na Wasomali, wote wakisumbuliwa na ndoto na mshtuko wa vita. Washauri hawakuwa madaktari. Walikuwa wakimbizi wenzao waliofundishwa kwa muda mfupi. Matokeo yalitolewa mwaka 2008. Kati ya waliopata tiba ya kusimulia maisha, 70 kwa 100 hawakuwa tena na ugonjwa huo walipopimwa baadaye. Waliopata ushauri wa kawaida walikuwa 65 kwa 100. Na wale waliofuatiliwa tu bila tiba? 37 kwa 100. Maana yake wapo wanaopona wenyewe kwa muda, tusidanganyane, lakini waliotibiwa walipona wengi zaidi, karibu mara mbili. Tena njia mbili zile hazikupishana sana. Kwa hiyo usijisumbue na jina la njia. Angalia mtu aliyefundishwa.

Hiyo ya kusimulia maisha inafanyika hivi. Mshauri anatandika kamba chini, ndiyo maisha yako tangu kuzaliwa. Unaweka maua mahali pa furaha na mawe mahali pa msiba. Halafu kikao kwa kikao unasimulia kwa mpangilio, na ukifika penye jiwe hamruki. Mnakaa hapo polepole: uliona nini, ulisikia nini, moyo ulikuwaje, na sasa unaposema mwili unafanya nini. Yeye anaandika. Mkikutana tena anakusomea, unasahihisha. Mwisho unapewa hadithi yako imeandikwa. Kichwa kinaanza kuelewa kwamba jambo lile lina tarehe yake na mahali pake, kwamba halitokei tena leo usiku kwa sababu bati limegongwa.

Sasa, kumchagua mshauri. Watu hawapendi kuuliza maswali, wanaona ni kukosa heshima. Uliza, bwana! Umefundishwa na nani? Nani anakusimamia? Tutakutana mara ngapi? Unayoandika nani atasoma? Mshauri mzuri hakasiriki. Atakuambia pia ukweli huu: siri yako ni siri, ila kama unataka kujiua au kuna mtoto anaumizwa, lazima aombe msaada kwa wengine. Kama wewe ni mwanamke na unataka mwanamke, sema. Lugha nayo ni kubwa. Kuna maumivu hayatoki kwa Kiswahili, yanatoka kwa Kibembe au Kinyarwanda. Kama lazima awepo mkalimani, asiwe shemeji yako wala mtoto wako. Tumeona binti wa miaka 12 akimtafsiria mama yake mambo ambayo mtoto hapaswi kubeba.

Mshauri akianza kukuambia habari za jirani, ujue kesho atamwambia jirani habari zako. Ondoka. Akikuambia utupe dawa za kifafa ulizopewa hospitali, ondoka. Akitaka pesa, au akitaka mwili wako, ondoka na uripoti.

Tuje kwenye malipo. Hapa kambini huduma za UNHCR na mashirika wenzake ni bure, na kituo cha afya cha serikali hakitozi mkimbizi. Kuna watu wanauza "barua ya mshauri" eti inasukuma kesi ya kupelekwa ng'ambo. Ni wizi. Lakini tusiseme haina gharama kabisa. Gharama ni kibarua ulichokosa siku hiyo, nauli ya boda, na nani abaki na watoto. Akina mama wa mtaa mmoja walitatua hivi: anayekwenda Jumanne anaacha watoto kwa anayekwenda Alhamisi. Omba siku isiyo ya mgao. Ndugu zetu walioko Kampala, mshauri wa binafsi huko anatoza kila kikao, kwa hiyo ulizeni bei na idadi ya vikao kabla ya kukaa kwenye kiti. Hospitali za serikali, kama Butabika pale Kampala au ile ya rufaa Mbarara, zina huduma za akili.

Tangu misaada ilipokatwa mwaka 2025 mashirika mengi yamepunguza wafanyakazi, na foleni zimekuwa ndefu. Ukiambiwa kuna kikundi, usikidharau. Mashariki mwa Congo wanawake waliobakwa walitibiwa kwa vikundi, njia ikarekebishwa hata asiyejua kusoma aweze kuifuata. Utafiti wa mwaka 2013 ulionyesha kwamba miezi 6 baadaye wenye dalili za huzuni kubwa au hofu walikuwa 9 kwa 100. Kwa wenzao waliosaidiwa mmoja mmoja bila tiba hiyo walikuwa 42.

Jambo moja watu hawaambiwi mapema: katikati inauma. Baada ya kikao cha pili au cha tatu ndoto zinaweza kuzidi kidogo, na wengine hukimbia hapo. Mwambie mshauri, usinyamaze, na urudi. Lakini ukisikia sauti zisizo za watu, au ukifikiria kujiua, usingoje siku ya kikao. Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, na mtu akusindikize.

Yule mama wa Juru tulimrudia na maelezo haya. Alisikiliza, akauliza swali moja tu: "Nikilia mbele yake, ataniandika kuwa nimelia?" Tulimwambia amuulize mwenyewe. Amepangiwa Alhamisi, na jirani atabaki na watoto.